Pimbi Aiweka Kompyuta ya Kiboko Barazani

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nani?

"Pakawa mdogo mwenye macho!"

Na masikio?

"Yako wazi, mwaga!"

Basi namwaga.

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana intaneti ilikuwepo, Kiboko alikuwa mkurugenzi wa ofisi ya mto. Mkubwa wa cheo, mkubwa wa tumbo. Siku moja akawagawia wafanyakazi wake kompyuta.

"Chukueni, wanangu, mkafanyie kazi nyumbani. Mimi si baba yenu?"

Wakapiga makofi, pwa! pwa! pwa! Hakuna aliyeuliza baba kaweka nini ndani. Kumbe kaweka kidude cha kuchungulia. Kompyuta ikiunganishwa na waifai ya nyumbani, kidude kinapekua vyote vilivyomo: simu, printa, picha za familia. Kikiona chakula, kinampasha Kiboko habari.

Digidigi akaunganisha. Ti, ti, ti! Kesho yake bustani yake ya mchicha, ambayo picha yake ilikuwa kwenye simu ya mkewe, gwamu! Imeliwa.

Ngiri akaunganisha. Ti, ti, ti! Kesho yake viazi vyake vya akiba, gwamu! Vimeliwa.

"Poleni sana," Kiboko akasema ofisini, anachokonoa meno. "Dunia ina wezi."

Pimbi alikuwa karani, mdogo kuliko wote. Ana watoto watano na shamba moja la matikiti bondeni. Kiangazi chote wangeishi kwa matikiti hayo. Yakiliwa, watoto watalamba mawe. Na picha za shamba zilikuwa kwenye simu yake.

Akaiweka kompyuta mezani, akaitazama, akawaza: Digidigi kaunganisha, kaliwa. Ngiri kaunganisha, kaliwa. Mimi sijaunganisha, sijaliwa. Hapo ndipo ninapompenda Pimbi: hakuiogopa kompyuta, wala hakuiombea dua. Alifikiri tu.

Mamamkwe akapita na ungo. "Unaikodolea nini, mkwe wangu?"

"Mama, nikiiruhusu kwenye waifai yetu itaingia mpaka chumbani. Nisipoiruhusu, kazi sina."

"Kwani ni ndugu yetu hiyo? Mgeni usiyemjua unamkalisha barazani. Unampa maji, anamaliza shida zake, anaondoka. Jikoni anatafuta nini?"

Pimbi akaruka! Akafungua mipangilio ya waifai, ta-ta-ta, akatengeneza waifai ya pili, ya wageni, isiyoonana kabisa na ile ya familia. Huko akaweka simu moja kuukuu yenye picha moja tu: matikiti manono ya sokoni. Chini akaandika, "Akiba yetu. Ndani kabisa ya mwanya wa jabali kubwa. Siri."

Kisha akaikaribisha kompyuta barazani. Ti, ti, ti!

Kesho yake asubuhi akawaalika wenzake chai juu ya jabali. Hata vikombe havijapoa, du! du! du! Kiboko huyo. Kaingiza kichwa mwanyani, kaingiza mabega, kaingiza tumbo... kwa! Kakwama.

"Nisaidieni!"

"Shikamoo, bosi," Pimbi akaita kutoka juu. "Unatafuta nini huko?"

"Napita tu."

"Mwanya huo hauna upande wa pili, bosi."

"Nilisikia... kuna matikiti."

"Ulisikia kwa nani? Mume wangu hajui. Watoto hawajui. Mamamkwe anajua mambo ya mtaa mzima, na hili halijui. Matikiti hayo yako kwenye picha moja, na picha hiyo imeonwa na kompyuta yako peke yake."

Digidigi akatua kikombe. "Na mchicha wangu?"

"Na viazi vyangu?" Ngiri akauliza, meno nje.

"Nivuteni kwanza, nitaeleza!"

"Taja neno la siri la kidude kwanza," Pimbi akasema, "tutavuta."

Kiboko akalitaja. Wakaleta kompyuta zote, wakakifuta kidude moja baada ya nyingine, polepole, chai ikiongezwa. Ya mwisho ilipokuwa safi wakamshika mkia: eee-haaa! Pwaa! Akachomoka, akaenda kujizamisha mtoni. Na watoto wa Pimbi wakala matikiti ya bondeni mpaka mvua iliponyesha.

Na funzo, kwa wanaopenda mafunzo: mgeni usiyemjua mkalishe barazani, hata akiletwa na mkubwa wako. Na wewe mkubwa unayetaka kupekua nyumba za watu, punguza tumbo kwanza.

Ngano imekwisha. Ikiwa tamu, ilikuwa yenu tangu mwanzo. Ikiwa chachu, nirudishieni nikaiunge nazi.