Jina la Mtoto wa Tumpe

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana sindano zilishakuwepo, watu wa Itebula kule milimani walikuwa wakifa macho ya manjano na matumbo yamevimba. Wakasema wanarogwa. Akaja mtafiti, Daktari Sekela, akawaambia, "Hamrogwi. Hii ni homa ya ini, na njia inayopita nitaiona." Mwanamke yule alijiamini, nyie! Ugonjwa huohuo ndio uliomuua mama yake, na tangu siku hiyo aliapa kuufuata popote ulipo.

Lakini alihitaji damu za watu azipime. Na kijijini alikuwepo Subilaga, muuza maziwa, anayepita kila mlango asubuhi. Kila alipomimina maziwa alimimina na maneno: "Yule ni mumiani, jamani! Anakusanya damu akauze!" Miezi sita milango ikafungwa. Sekela akibisha hodi huku, kimya. Akibisha kule, anaitikiwa na mbwa.

Ndipo akaja Bibi Gwantwa, mkunga wa kijiji, ambaye pia ndiye aliyewachanja watu chale za dawa. Akakaa, akasema, "Mwanangu, fungua daftari. Nasikia ugonjwa unapita kwenye damu. Mimi nina kisu kimoja. Miaka kumi kisu hichohicho. Nakifuta kwenye kanga, basi." Akawataja wote aliowachanja, mmoja baada ya mwingine, huku analia. Kisha akamwongoza Sekela nyumba kwa nyumba, akikiri mwenyewe mlangoni. Watu wakatoa mikono, wakapimwa, na njia ya ugonjwa ikaonekana.

Miongoni mwa waliokutwa nao alikuwa Tumpe, mke wa kaka yake Subilaga, naye mjamzito. Sekela akamwambia, "Ukijifungua, mtoto achomwe chanjo kabla siku haijaisha. La sivyo anaweza kubaki na ugonjwa huu maisha yake yote."

Tumpe akashika tumbo. "Basi atakayemwokoa mwanangu, mwanangu atachukua jina lake."

Subilaga alisikia. Safari hii ilikuwa damu ya kaka yake.

Mtoto wa kike akazaliwa alfajiri, wiki tatu kabla ya siku zake. Chanjo iko hospitali bondeni, mvua imekata barabara, na Sekela hawezi kumwacha mzazi anayevuja damu. Kabla hajauliza nani aende, Subilaga alishajifunga kibwebwe.

"Waiweke juu ya barafu kwenye hili boksi," Sekela akamwagiza. "Wala usiitoe, unasikia? Usiitoe!"

Akashuka, akapanda. Jua halijazama, huyo karudi, matope mpaka kiunoni. Sekela akafungua boksi. Barafu ipo, kichupa hakipo!

"Kiko wapi?"

"Hiki hapa, nimekifunga kwenye kitambaa. Kilikuwa kinataka kuganda, daktari. Mimi baridi ya Juni imeniharibia maziwa mara ngapi? Yakishikwa na barafu yanakatika, hayafai tena. Nikasema liwalo na liwe."

Sekela alifoka nusu ya neno, akakomea hapo. Akakitikisa kichupa. Dawa ilikuwa safi, haina chengachenga. Naye alijua vizuri: chanjo ile ikiganda imekufa, na aliyeagiza ilazwe juu ya barafu bila kitambaa katikati ni yeye, msomi. Akamchoma mtoto.

Nyumba nzima ikamwita Kadogo tu, wakingoja. Alipotimiza miezi tisa Sekela akampima. "Hana!" akapaza sauti. "Hana kabisa!" Vigelegele vikapigwa mpaka mtoto akalia.

Tumpe akasema, "Haya, nimeahidi jina. Semeni."

Bibi Gwantwa akasema, "Kisu changu ndicho kilichokuumiza, mwanangu, sikatai. Lakini bila ulimi wangu, nani angejua kwamba unaumwa?"

Subilaga akasema, "Niliwafungia milango miezi sita, wifi, na wapo waliozikwa katika miezi hiyo. Najua. Lakini bila mimi kukaidi, mtoto angechomwa maji matupu."

Wote wakamgeukia Sekela. Angeweza kunyamaza kuhusu barafu. Aliyejua kwa hakika kwamba agizo lile lilikuwa kosa ni yeye peke yake. Lakini jina lile alilitaka, alilitaka hasa, kwa kuwa hakuwa na mtoto na jina lake lilikuwa la mama yake. Hakutaka kulipata kwa kuficha. Akasema, "Nusura niiue chanjo kwa maneno yangu mwenyewe. Subilaga ndiye aliyeiokoa na kosa langu. Lakini bila mimi kuja hapa, mngekuwa bado mnatafuta mchawi."

Tumpe akawatazama watatu wale, mtoto akicheza na kidole chake. Kila mmoja amemwokoa, kila mmoja nusura amwangamize, na jina ni moja.

Haya, mnaonisikiliza, msiangaliane. Mtoto aitwe nani: Gwantwa, Subilaga, au Sekela?