Nyumba Iliyovaa Boksi

Jambo hili alinisimulia kwanza Bi Mwanakombo, mkunga wa mtaani kwetu, siku aliyokuja kunikanda baada ya kujifungua.

Hapo zamani, si zamani za majitu, zamani hii ya juzi tu, palikuwa na mzazi, ndiyo kwanza amejifungua, jina lake Saumu. Mtoto wake alikuwa hajapewa jina. Saumu aliishi na mumewe Shaame, mama mkwe wake Bi Mize, na wifi yake aitwaye Tatu.

Akaja mtafiti, dada mmoja mpole. Akasema, "Nyumba za kesho zitakuwa na vyombo vya kusikiliza. Nataka kujua mngependa visikie nini, na vinyamazie nini. Vyombo vyenyewe sina, basi tucheze. Mmoja avae boksi hili, awe nyumba. Aseme yote ambayo nyumba imeyasikia."

Tatu akalivaa kichwani.

"Mie nyumba. Namsikia kaka Shaame akikoroma kama mashine ya kusaga."

Wakacheka.

"Namsikia mama akimsema jirani."

Wakacheka.

"Namsikia Saumu akifungulia maji bafuni, kisha analia. Kila siku analia."

Hakuna aliyecheka. Saumu akainamisha kichwa. Mtafiti akasema taratibu, "Hilo sitaondoka nalo, litabaki humu ndani," akaaga.

Tangu siku ile Saumu akasaidiwa, na machozi yakapungua. Akasema, "Aliyenitendea wema kuwapita wengine ndiye atakayempa mwanangu jina."

Bi Mize akasema, "Mimi nilisikia kabla yao wote. Nikanyamaza nisikuaibishe, nikawa nakuwekea uji mlangoni."

"Niliunywa, mama. Ila niliunywa peke yangu."

Tatu akasema, "Mimi nilikuaibisha, wifi yangu, nisamehe. Lakini nisingesema, ungekuwa unalia hadi leo."

"Ulisema mbele ya mgeni."

"Bila boksi nisingethubutu."

Shaame akasema, "Mimi nilikuwa wa mwisho kujua. Sikukuuliza neno. Nilimchukua mtoto, ukalala."

"Kwa mkoromo ule, ungejua vipi mapema?" Tatu akamwambia.

Saumu akawatazama wote watatu, akashindwa kuchagua.

Hapo Bi Mwanakombo aliniangalia, akaniuliza mimi ningemchagua nani. Asubuhi iliyofuata nilimpelekea mama mkwe wangu mtoto, nikamwambia nimechoka, naomba nilale. Jibu sijalipata bado, nawaachia ninyi. Je, ni nani aliyestahili kumpa mtoto yule jina?