Springi ya Nyamizi

Tak.

Sauti moja tu, kavu, ndani ya hema. Lushinge, askari wa wanyamapori, alifumbua macho. Bastola yake ilikuwa juu ya begi, mdomo umemwelekea Kasase, mwenzake wa doria, aliyekuwa akikoroma. Kizuizi, kile kidude kinachoizuia bastola isifyatuke, kilikuwa kimeanguka chenyewe. Na ndani mlikuwa na risasi.

Lushinge alizitoa risasi zote, akakaa na bastola mapajani hadi alfajiri. Alimshukuru Mungu mara nyingi, lakini kila mara aliiacha shukrani katikati.

Asubuhi aliipeleka kwa Nyamizi, fundi wa silaha wa kambi. Kambini pale, yeyote anayefungua silaha, hata kwa kuifuta vumbi, huandika jina lake kwenye daftari la ghala. Jina la mwisho kwa bastola ile lilikuwa la Nyamizi mwenyewe, miezi mitatu nyuma.

Mkuu wa kambi, Afande Mtweve, alilisoma akatikisa kichwa. Maneno yalikuwa yameshazagaa kwamba macho ya mama huyo fundi yamechoka. Kasase ndiye aliyevumisha kuwa siku hizi mama akishona kifungo, anashonea hewa. Mkuu akasema kosa likiwa lake, funguo za ghala zitarudi leo hii. Nyamizi alizigusa funguo shingoni. Funguo zile alikuwa nazo miaka kumi na tisa.

Alitandika kanga kuukuu mezani ili vyuma visibingirike. Akachomoa kifuniko cha juu cha bastola, kile kinachokwenda nyuma na mbele, akakisugua kwa mswaki na mafuta ya taa. Yakatoka matope makavu, matope ya mtoni. Kisha akakitoa kizuizi, na springi ndogo ikadondoka juu ya kanga. Nyembamba, legelege, ncha yake imekatwa kwa meno.

"Hii ni ya kalamu ya kubonyeza," alisema polepole.

Lushinge aliitazama. Aliukumbuka mto, mwezi uliopita, na bastola iliyolowa. Aliikumbuka springi halisi iliyomruka alipoifungua, ikapotelea nyasini, na kalamu iliyokuwa mfukoni mwake. Alilikumbuka pia daftari, alivyolipita bila kuandika, kwa kuogopa kushushwa cheo.

Nyamizi alitia springi mpya, akakijaribu kizuizi mara tano. Kikakaa imara. Ndipo akamgeukia Lushinge, naye Lushinge akajiandaa kwa swali.

Swali halikuja.

"Asante, mwanangu," Nyamizi alisema. "Mwingine angeirudisha ghalani akanyamaza. Leo Kasase yu hai, na mimi sina damu ya mtu mikononi. Mungu akubariki."

Alivua funguo shingoni, akaziweka mbele ya mkuu. Hakuwa na jina jingine la kuandika, na silaha yenye kosa hairudi kazini bila jina. Akafungua daftari, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake.

"Mama, ishia hapo," Lushinge alisema.

Mkuu aliinua macho. Nyamizi naye.

"Futa hilo. Andika Lushinge."

Funzo: Ukiokoka katika kosa lako mwenyewe, shukrani yako haijatimia mpaka umwondolee lawama aliyeibeba kwa niaba yako.