Mwewe na Ngao

Bucha ya Mnofu ilikuwa safi kuliko bucha nyingi. Sakafu ilisuguliwa kila asubuhi kabla nyama haijaingia, vigae vya ukutani viling'aa kama meno ya mtoto, na ndoano zilining'inia zimepangwa kwa ukubwa. Mnofu si jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa jina hilo na wateja, kwa kuwa alikuwa mnene, laini wa mashavu, na mfupa wa ugomvi hakuwa nao. Mama mmoja akilalamika kuwa amepewa mafuta mengi, Mnofu alicheka na kumwongezea kipande. Hivyo ndivyo alivyojulikana mtaani. Kwenye simu alikuwa mtu mwingine kabisa.

Humo kwenye simu mlikuwa na kundi la wapenzi wa visu. Walikuwamo wauza nyama, wapishi, wawindaji, na wengine ambao maishani mwao hawakuhitaji kisu kikali kuliko cha kumenyea chungwa, lakini walipenda makali kama wengine wanavyopenda mpira. Na kama ilivyo kwenye mpira, kundi lilikuwa na pande mbili. Kulikuwa na watu wa Mwewe, ambao visu vyao vilichorwa ndege huyo kwenye bapa, na watu wa Ngao, waliotumia visu vya kiwanda kingine. Walianza kwa utani.

"Ngao yako haikati hata siagi iliyoanikwa juani," mmoja aliandika.

"Afadhali. Mwewe wako akiona tone la maji anashika kutu kwa woga," akajibiwa.

Lakini utani nao huchacha. Haukupita muda wakaanza kudharauliana kazi, kuchekana umaskini, hata kutukaniana wazazi. Upande wa Ngao uliongozwa na mtu aliyejiita Ngao Daima, ambaye hakuna aliyemjua sura. Upande wa Mwewe uliongozwa na Mnofu. Kiwanda cha Mwewe hakikumjua, wala hakikuwahi kumpa hata kofia. Ila mtu akikisema vibaya, Mnofu aliumia kama aliyetukaniwa mama. Mara nyingi mteja alisimama mezani akikohoa ili asikilizwe, na muuza nyama ameinamia simu, masikio yamemwiva, anaandika.

Mtu aliyempenda kuliko wote humo kundini alikuwa shemeji yake. Huyu alikuwa mpishi mkuu wa hoteli moja kubwa, mume wa mdogo wake wa kike. Mnofu na mpishi walikuwa chanda na pete. Siku mpishi alipopandishwa cheo, Mnofu alimpa zawadi ya kisu cha Mwewe, kisha akamwingiza kundini na kujitapa naye kila alipopata upenyo: "Shemeji yangu anakata kitunguu mpaka ukikiinua unamwona jirani upande wa pili, na anakikata kwa Mwewe!" Siku za mapumziko mpishi alikuja buchani, akaketi juu ya kreti, wakanoa visu na kuzungumza mpaka jua lipungue.

Alasiri moja mpishi alikuja akaketi, lakini kisu hakukigusa.

"Shemeji," alisema, "hebu rudishia mlango kidogo."

Mnofu akarudishia. Mpishi akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe, polepole, kama majani yanayopitiwa na upepo mdogo.

"Nilidhani ni uchovu. Nimekwenda kwa daktari. Anasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Unakwenda taratibu, lakini haurudi nyuma."

"Dada anajua?" Mnofu aliuliza.

"Hajui. Nitamwambia mwenyewe, nikipata maneno. Na kazini nataka nimwendee meneja kabla hawajaniona, nimwombe aniache niwafundishe wapishi wapya. Nataka nitoke kwenye kisu kwa heshima yangu, shemeji, si kwa kutolewa. Nimekwambia wewe tu."

"Hili limeingia kaburini," Mnofu alisema, na alipokuwa akilisema alilimaanisha.

Majuma yakapita. Mpishi hakumwambia mkewe, wala hakumwendea meneja; kila alipojiandaa, alijiambia kesho. Kisha siku moja mchana, bucha ikiwa tupu na redio ikijisemea peke yake, simu ya Mnofu ikalia mfululizo. Mpishi alikuwa ametuma picha kundini. Ilionyesha kidole chake cha shahada kimefungwa bandeji, na chini yake ameandika: "Leo Mwewe kaniponyoka. Mpini wake ukilowa mafuta ni kama umeshika samaki hai. Nimevumilia vya kutosha. Nahamia Ngao."

Watu wa Ngao walishangilia kama waliofunga bao dakika ya mwisho. "Karibu nyumbani!" "Mwana mpotevu karudi!" Ngao Daima akalenga palepale penye kidonda: "Mnofu, si huyu ndiye shemeji uliyekuwa ukijitapa naye? Hata nyumbani kwako wamekukimbia!" Na vikaragosi vya kucheka vikamiminika. Baya zaidi, wa upande wake mwenyewe nao wakaanza: "Kiongozi, kama shemeji yako amekushinda, sisi utatuongozaje?"

Mnofu akampigia mpishi. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, vilevile. Moyo ukamwaka. Alijiona amevuliwa nguo sokoni, na aliyemvua ni mtu wake mwenyewe, kwa kisu alichompa kwa mkono wake mwenyewe. Hakukumbuka kuwa mtu anayetaka kuficha tetemeko la mkono lazima atafute kitu kingine cha kulaumu. Kidole kikatangulia, akili ikafuata nyuma ikichechemea. Aliandika hivi: "Kisu hakina kosa. Mwulizeni mkono wake unavyotetemeka. Ana ugonjwa wa mishipa, aliniambia mwenyewe hapa hapa buchani. Mtu wa namna hiyo hata mkimpa kijiko atajikata!"

Akatuma.

Kwa muda mfupi ulikuwa ushindi mtamu kama asali. Madole gumba yakainuka, vicheko vikageuka upande. Akaingia mteja aliyetaka mbavu. Mnofu akazipasua kwa mapigo yenye nguvu, akafunga, akamuaga kwa bashasha. Aliporudi kwenye simu alimkuta mtu asiyemjua, ambaye hajawahi kuandika lolote kundini, ameuliza: "Huyu si mpishi mkuu wa ile hoteli ya karibu na stesheni? Mimi hula pale na wageni wangu. Kwa hiyo tunapikiwa na mtu mgonjwa na tunafichwa?"

Roho ya Mnofu ikaruka. Akaufuta ujumbe wake haraka. Lakini tayari watu walikuwa wameupiga picha, na picha ile ilikuwa inarushwa kutoka simu moja hadi nyingine. Alikuwa amemwaga mtama penye kuku wengi. Alimpigia mpishi mara nyingine, na safari hii simu haikuita kabisa.

Kesho yake asubuhi mdogo wake wa kike aliingia buchani. Alikuwa fundi cherehani, na vipande vya uzi vilikuwa bado vimeng'ang'ania begani mwake. Mnofu alijikaza kama mtu anayesubiri kofi. Kofi halikuja.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "mume wangu anaumwa nini?"

Mnofu alifuta mikono kwenye aproni yake.

"Mteja wangu ndiye aliyenionyesha simu, nikiwa nampima kiuno. Nikarudi nyumbani nikamwuliza mwenyewe, kanyamaza, anautazama ukuta. Kwa hiyo nimekuja kwako unayejua. Niambie, kaka, mume wangu anaumwa nini?"

Ikambidi amwambie. Alimwambia yote, macho yake yakiwa chini, na kila neno likitoka kama mfupa uliomkwama kooni. Dada alisikiliza ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo alikuamini wewe kabla yangu," alisema kaka yake alipomaliza. "Na wewe ukaona uwaambie watu wa visu kabla yangu."

"Dada, hasira tu. Walinicheka..."

"Walikucheka kwa sababu ya kisu?"

Hakungoja jibu. Alitoka, na kuaga hakuaga.

Kule hotelini mambo yalikuwa yameshaharibika. Meneja alimwita mpishi mbele ya wenzake wote, akamwamuru anyooshe mikono, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Mikono ikasema ambacho mdomo ulikuwa haujakisema. Mpishi alijaribu kueleza habari ya kufundisha wapishi wapya, lakini meneja alimkatiza: wateja wanapiga simu tangu jana, jina la hoteli liko hatarini. Akaambiwa avue aproni. Vijana aliowafundisha kukaanga na kuchoma wakazigeuzia macho sufuria zao, kwa maana hakuna aliyejua amtazame vipi. Akatokea mlango wa nyuma, mlango wa kupitishia takataka.

Mnofu aliandika kundini kuomba radhi. Ngao Daima alijibu kwa kikaragosi cha mtu anayepiga miayo. Wa Mwewe walimwambia asiwatie aibu kwa kulialia, na baada ya siku chache walishapata kiongozi mwingine, mwenye matusi makali zaidi. Akajitoa. Hakuna aliyemwuliza amekwenda wapi.

Halafu, msimu wa mvua ulipoanza, msambazaji wa vifaa alileta buchani tangazo la kiwanda cha Mwewe, lenye picha ya kisu kipya. Chini yake palikuwa na maneno: mpini mpya usioteleza, umetengenezwa kwa kusikiliza malalamiko ya wateja. Mnofu aliyasoma akiwa wima, kisha akayasoma tena. Msambazaji alimwuliza aandikishe vingapi. Alitikisa kichwa tu.

Siku hiyohiyo alifunga bucha mapema akaenda nyumbani kwa dada yake. Alikwisha kwenda mara kadhaa akaambiwa mpishi amelala. Safari hii alimkuta sebuleni, karibu na dirisha, amevaa shati lililofungwa vifungo kombo. Amekonda. Dada alikuwa kwenye cherehani pembeni, na mguu wake haukuacha kukanyaga.

"Karibu, shemeji," mpishi alisema. "Kaa."

Mnofu hakukaa. "Shemeji, nimekukosea. Sina cha kujitetea. Uliniamini, nikakuuza kwa vicheko vya watu nisiowajua. Nisamehe."

Mpishi alimtazama bila chuki. Ndilo lililomuumiza Mnofu zaidi, kwamba chuki haikuwepo.

"Nilishakusamehe zamani," alisema. "Kaa, jamani, wewe si mgeni."

Mnofu akakaa. Walizungumza habari ya mvua, wakazungumza bei ya unga. Cherehani ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma. Mwishowe Mnofu akajipa moyo, akasogeza kiti karibu, akateremsha sauti kama walivyozoea zamani wakiwa wawili.

"Na daktari, shemeji? Anasemaje siku hizi?"

Mpishi aliuhamisha mkono wake wa kulia, akauweka chini ya ule wa kushoto. Akageuka, akatazama nje dirishani.

"Tunamshukuru Mungu," alisema kwa upole, kama mtu anavyomjibu mpita njia. "Hali ni nzuri tu."

Mnofu alikaa kidogo, akaaga, akaenda zake. Alijua kwamba msamaha ameupata, na kwamba hataambiwa tena neno lolote la moyoni katika nyumba ile. Ama kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.