Kanzu Arobaini za Sultani Mundhiri

Alikuwako katika mji wa Shangamiri sultani mwenye enzi, Mundhiri bin Sharifu, na sultani huyo aliamuru zishonwe kanzu arobaini za hariri kwa wageni wa harusi ya mwanawe, na kazi akamkabidhi Haidari, msimamizi wa mafundi, akamwambia, "Zisipofika Ijumaa, utahama mji wangu." Naye Haidari alikuwa amemposa Bishara, fundi wa kudarizi, na baba yake Bishara hakuwa mtu wa kumwoza binti yake kwa mtu aliyefukuzwa.

Basi Haidari akaanza kuzunguka, na kichwa kikamzunguka zaidi. Mchoraji alisema ruwaza ziko kwa mkataji, na mkataji alisema nguo ziko kwa mshonaji, na mshonaji aliapa kuwa ziko kwa dobi, na dobi alikuwa amelala. Maskini Haidari hakujua hata kanzu moja iko wapi!

Siku ya Jumatatu akafungua robota la hariri na ndani akakuta kastabini ya shaba, ile kofia ya kidole ya kushonea, na alipoivaa kidoleni likatoka jini refu kupita mlango, likasujudu.

"Labeka, bwana wangu. Mimi Kashkashi, mtumwa wa kastabini."

"Fundi yeyote akisema tayari," Haidari akaamuru, "ichukue nguo umpelekee anayefuata."

Ole wake! Majini hayajui uongo, na mafundi wa Shangamiri wana desturi ya kusema tayari ili mtu aondoke na moyo mweupe. Kufika adhuhuri dobi alikuwa akifua vitambaa vyenye chaki, na Bishara alikuwa na shingo zisizo na kanzu, na jikoni kwa sultani iliingia mikono ya kanzu kumi na minane, ya kushoto yote.

"Bwana wangu," jini likauliza kwa huzuni, "mbona tayari zenu hazijaisha?"

Haidari akashika kichwa. Bishara, aliyekuja na zile shingo mkononi, ndiye aliyecheka, akasema, "Haidari, mwambie huyu bwana, kuanzia sasa atakayesema nguo i tayari, avishwe hiyo nguo papo hapo."

Ikawa hivyo. Mkataji akajikuta sokoni amevaa vipande vilivyoshikizwa kwa pini, na dobi akatetemeka ndani ya kanzu mbichi, na watu wakawacheka mpaka machozi. Toka hapo kila fundi akawa anasema, "Bado, imebaki kola," au, "Bado, haijakauka," na kwa hizo bado Haidari akazijua kanzu zote arobaini zilipo.

Alhamisi sultani akamwita barazani mbele ya mawaziri.

"Haidari, nguo ziko tayari?"

"Tayari, maulana," akasema, kwa mazoea tu, na kabla hajafumba mdomo alikuwa amevishwa kanzu ya arobaini, yenye mkono mmoja!

Haidari akapiga magoti, na aibu ikimchoma, akasema, "Maulana, nimesema uongo. Thelathini na tisa ziko kambani kwa dobi, zitakauka alasiri. Hii imebaki mkono wa kulia, uko kwa mshonaji, kisha Bishara ataudarizi, na kesho kabla ya sala zote zitakuwa mlangoni pako."

Sultani akaigusa ile kanzu begani, pasipo na mkono.

"Miaka ishirini natawala," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza kujua nguo yangu iko wapi. Nenda kamalize."

Zikafika Ijumaa asubuhi, zote arobaini, na sultani akampa Haidari nyumba ya ghorofa na mfuko wa dhahabu, na jini likapewa uhuru wake. Basi anayenisikiliza na ajue kwamba bado ya kweli humfaa mtu kuliko tayari ya kumfurahisha.

Na siku ya nikaha, kadhi alipomuuliza Haidari kama yu tayari, bwana harusi alitazama kwanza mikono yote miwili ya kanzu yake, ndipo akajibu.