Kikapu Kimoja cha Goreti

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso, maana nikimaliza nitawauliza swali, nami sipokei jibu la "hata sijui."

Upande wa Muheza palikuwa na soko dogo la machungwa, nafaka na mitumba, na ndani yake watu watatu. Bi Mejumaa, muuza vitumbua, alijaliwa kauli: akisema neno, soko zima hulishika. Fundi Semboja, mwenye mashine ya kusaga, alijaliwa masikio. Boliti ikilegea katikati ya ngurumo, yeye huisikia na kuiendea moja kwa moja. Elibariki, muuza karanga, alikuwa na siri. Alijiita Mpare wa Same, na kwa miaka saba kila mtu alimwamini, isipokuwa Goreti.

Goreti alikuwa Mrundi, kazi yake kuchambua maharage. Siku moja Elibariki alijikwaa, akamwita mama yake kwa Kirundi, na Goreti akajifanya hakusikia. Alimwelewa mno.

Maana yeye mwenyewe alikuwa kafungwa mdomo. Mwaka uliotangulia alikuwa akimchekesha bintiye Keza, mtoto wa miaka minne, Bi Mejumaa akageuka na mwiko mkononi.

"We mama, hapa tunasema Kiswahili. Mkinong'onezana hicho Kirundi chenu, tutajuaje kama hamtusengenyi?"

Watu wakacheka. Jioni ile Goreti akamfundisha mwanawe: nyumbani tutasema lugha yetu, ucheke utakavyo. Lakini sokoni, ukinisikia nasema Kiswahili, ujue tunasikilizwa. Jikunyate, kaa kimya. Keza akalishika somo, tena vizuri.

Basi Jumamosi moja, soko limefurika, Goreti aliinama kuchambua, akainuka, Keza hayupo.

"Keza! Keza, njoo! Uko wapi, mwanangu?"

Aliita kwa Kiswahili, kama alivyozoea. Alizunguka meza kwa meza mpaka sauti ikamkauka. Ndipo ilipomjia: kila alipomwita mtoto, alikuwa akimwamuru anyamaze.

Akafungua mdomo amwite kwa Kirundi. Ikatoka pumzi tu. Na kule mwisho wa soko, lori lililoshusha machungwa lilikuwa linawasha moto kurudi Handeni na matenga matupu.

Goreti akamkimbilia Elibariki, akamshika mkono, akamweleza yote kwa Kirundi, kwa sauti ile ya kukwaruza. Elibariki alitazama kulia na kushoto. Wateja wake walikuwa pale, na mwenye nyumba wake alikuwa pale anachagua viatu. Akaitua sinia ya karanga chini.

"Sokwe!" akapaza sauti.

Hilo, jamani, si yule mnyama, ndilo neno la Warundi la kutangulia kitendawili, na jibu lake ni "Niruze!" Keza alilijua hata kabla hajajua kutembea vizuri. Lisikike tu, ulimi ulimwasha, kama nyie mnavyowashwa nikisema "kitendawili." Lakini mashine ilikuwa ikinguruma, redio zinaimba, mnada wa mitumba umepamba moto. Wito ukapotelea humo.

"Elibariki, lugha gani hiyo?" akauliza Bi Mejumaa.

"Ya mama yangu. Jina langu ni Bukuru, Bi Mejumaa, na mimi ni Mrundi. Mtoto wa Goreti amepotea, na akiitwa kwa Kiswahili haitiki. Ameambiwa sokoni anyamaze."

Bi Mejumaa alimtazama Goreti, na uso ukamshuka. Halafu akapanda juu ya benchi, vitumbua vikiungua nyuma yake, akagonga sufuria kwa mwiko.

"Nyamazeni! Zimeni maredio! Wewe wa mnada, funga domo! Mwacheni Mrundi aseme Kirundi chake!"

Soko likatulia, ikabaki mashine. Fundi Semboja alijua kwamba akiizima na mahindi ndani itakaba, na kuifungua ni kazi ya siku nzima, na akina mama wa foleni watamla nyama. Akaizima.

"Sokwe!" Bukuru akaita tena.

Kikajibu kijisauti, chembamba, cha chini: "Niruze!"

Huyu akanyoosha kidole chooni, yule kwenye mitumba. Semboja alifumba macho.

"Mara moja tena," akasema.

"Sokwe!"

"Niruze!"

"Ni kwenye lori! Tenga la chini, nyuma, kushoto!" Na lori lilikuwa tayari linasogea.

Wakalisimamisha. Goreti akamtoa mwanawe na majani ya michungwa nywelani, akamkumbatia palepale vumbini, akalia.

Kesho yake akaleta kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, alichosukiwa na mama yake siku ya kuondoka kwao. Mama alimwambia, kimpe mtu atakayekurudishia uhai. Mtu mmoja, hakusema watatu.

"Mpe Bukuru," alisema Bi Mejumaa. "Siri yake imekwisha. Mwenye nyumba keshaanza kumuuliza karatasi za kuishi nchini."

"Mpe Fundi," alisema Bukuru. "Mtoto angeitika, nasi tungebaki tunabishana mpaka lori lifike Handeni."

"Mpeni Bi Mejumaa," alisema Semboja. "Katika kelele zile ningesikia nini? Na kameza neno lake mwenyewe mbele ya soko zima."

Bi Mejumaa akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mimi ndiye niliyemfunga mdomo yule mtoto. Nipewe zawadi kwa kufungua nilichofunga?"

Goreti alikaa na kikapu mapajani. Mara Keza, kitumbua mkononi, akapaza sauti bila kuangalia nani anasikia:

"Sokwe!"

"Niruze!" soko likaitika, na aliyeitika kwa nguvu kuliko wote, tena akilipinda neno vibaya, alikuwa Bi Mejumaa.

Haya, msitazamane. Mmoja wao asingekuwapo, mtoto angekwenda na lori. Kikapu ni kimoja, na Goreti bado anangoja. Wewe ungempa nani?

Na kabla hujanijibu, niambie kwanza: siku ile watu walipomcheka Goreti, wewe ungekuwa umesimama upande gani?