Breki za Damasi na Raundi ya Mwisho

Sikilizeni, wenye leseni na mnaopanda magari ya wenzenu. Mjini Iringa palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Leokadia alikuwa na pua. Mama yake aliuza ulanzi, pombe ya mianzi, na tangu utotoni binti aliweza kunusa kibuyu akasema, "Huu umetiwa maji," muuzaji akaangalia pembeni. Alipokua alifungua duka la oili na vilainishi, na pua ikahamia huko pamoja naye.

Yusto alikuwa na mguu. Alikuwa fundi wa breki, na mwoga asiyethubutu hata kupanda bembea. Lakini mweke akanyage pedali: unyayo wake ulisikia kipovu cha upepo kilichojificha kwenye mrija wa breki kama wewe unavyosikia kokoto ndani ya kiatu.

Festo Ngonyani, Mngoni wa Songea, hakuwa na pua wala mguu wa kusifika. Yeye alikuwa na moyo. Akikukuta na shida alivua alichovaa akakupa, kisha akakutukana wiki nzima kwa kukipokea.

Wote watatu walikuwa marafiki wa Damasi Kihwele, Mhehe na mtani wa Festo. Damasi alikuwa ameendesha malori hadi Lubumbashi, Beira na Kigali, na kutoka huko kote alileta kitambi, mgongo mbovu na imani kwamba hakuna tena barabara ya kumfundisha kitu. Uzeeni, au tuseme mlangoni pa uzee, alinunua kigari chekundu ili akikimbize kwenye kiwanja cha ndege cha zamani nje ya mji. Huko, siku moja kwa mwaka, wenye magari huzunguka mapipa na matairi chakavu kwa kasi wanayotaka, bila trafiki kuwapigia mkono. Kila gari hupewa raundi mbili, kila moja ya mizunguko kadhaa, na ya pili huruhusiwa kubadilisha dereva.

"Raundi ya kwanza yangu," Damasi aliwatangazia. "Atakayenirudisha mzima kwa mke wangu, raundi ya mwisho ni yake."

Msiichukulie ahadi hiyo kijuujuu. Leokadia na Yusto walikuwa wamehudumia magari ya wenzao miaka mingi, wakabaki kushangilia nje ya kamba. Festo angalau alikuwa na gari lake, pacha wa lile la Damasi, na mwaka huo ndio alikuwa ameandikishwa kwa mara ya kwanza.

Jumapili ya siku yenyewe, baada ya misa ya kwanza, Damasi alifika gereji kwa Yusto, walikomsubiri wote watatu, na gari linang'aa kama bibi harusi. Alikuwa ameliosha, ameyapaka matairi rangi nyeusi na kubandika namba mlangoni.

"Oili umeangalia?" Leokadia akamuuliza.

"Ipo."

"Maji ya rejeta?"

"Yapo."

"Mafuta ya breki?"

"Hayo nimeongeza mwenyewe, dada yangu." Akatoa kopo kwenye buti kwa majivuno. Lilikuwa limezibwa kwa gunzi la mahindi, kama chupa ya asali.

Leokadia alichomoa gunzi, akanusa. Akafungua boneti, akachovya kidole kwenye kikopo cha breki, akanusa tena.

"Kaka Damasi, haya yamekunywa maji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Ukienda sokoni na kurudi hutajua. Ila ukikanyaga breki mfululizo kwa kasi yatachemka, maji yawe mvuke, na pedali itazama kama mguu kwenye tope."

"Mimi nimeshuka mlima Kitonga na mzigo wa saruji."

"Na mafuta ya kuzibwa kwa gunzi?"

Leokadia akaenda dukani kwake, akarudi na makopo ambayo hayajawahi kufunguliwa, akamwaga yote ya zamani hadi tone la mwisho likatoka jeupe.

Magurudumu yalipovuliwa, Yusto akapiga mluzi. Pedi za breki zilikuwa zimeliwa, zimebaki kama kipande cha sabuni cha mwisho wa mwezi. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa, wenyewe wako kanisani.

"Basi, naahirisha," Damasi akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Festo alikwenda kwenye gari lake lililokuwa tayari kwa safari, akapandisha jeki, akachomoa pedi mpya alizokuwa amejifungia jana yake. Gari lake likabaki juu ya mawe.

"Mtani, na wewe je?" Damasi akamuuliza.

"Mimi nitauza karanga getini. Chukua, Mhehe wewe, kabla sijapata akili!"

Kisha ikawa zamu ya Yusto. Alifunga pedi, akaingia kwenye kiti cha dereva, akakanyaga. Festo alifungua kinati cha kutolea upepo kwenye gurudumu la mbali kabisa, mafuta yakatoka, akakifunga. Wakazunguka magurudumu yote. Damasi akajaribu pedali.

"Mbona imekaza!"

"Bado kuna kitu," Yusto akasema.

"Kitu gani? Watu wameshaanza huko!"

"Kitu." Akarudia gari zima kutoka mwanzo. Kwenye gurudumu la nyuma kushoto kikatoka kipovu kimoja, kidogo kama jicho la sisimizi. Yusto akashusha pumzi. Kisha akachukua kofia ngumu ya abiria, huku midomo imempauka.

"Unakwenda wapi?" Damasi akashangaa.

"Kwa aliyenifundisha kazi, anayefunga breki hupanda na dereva mara ya kwanza. Asipopanda, hajafunga."

Uwanjani, Damasi alikimbiza. Mizunguko ya mwanzo Yusto alifumba macho na kuwataja watakatifu wote, hata wa parokia za jirani. Mwisho wa ile njia ndefu ya ndege, gari la mbele likateleza, likazunguka, likakaa kikingamo na kuzimika. Kushoto mapipa, kulia mapipa.

Damasi akakanyaga. Breki zilikuwa za moto, magurudumu yakatoa moshi, lakini pedali ilibaki juu, ngumu kama ngazi. Kigari kikasimama pua kwa mlango. Kijana aliyekuwa ndani ya lile gari akamtazama Damasi kupitia kioo, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Damasi akajibu.

Aliporudi kwenye kamba, watatu wale wakamzunguka.

"Bila pua yangu," Leokadia akasema, "hakuna ambaye angefungua hata gurudumu moja. Mngemsindikiza na gunzi lake."

"Pua ilinusa, sawa," Festo akasema. "Mafuta mapya yangebana nini? Chuma kwa chuma? Gari langu liko juu ya mawe, jamani."

"Mafuta mapya, pedi mpya, na upepo ndani," Yusto akasema. "Angekanyaga sponji. Na shingo iliyokuwa mle ni yangu."

"Shingo yako haikusimamisha gari!" Leokadia akamkatiza.

"Na Festo akipewa atapewa kwa huruma. Ahadi haikuwa ya huruma," Yusto akaendelea.

"Wewe unaogopa bembea, raundi unaitakia nini?" Festo akamgeukia.

Yusto akaitazama kofia mkononi. "Mzunguko ule wa mwisho nilifumbua macho," akasema polepole.



Kipaza sauti kikalia: "Gari jekundu! Dereva wa raundi ya mwisho nani?"

Damasi alitazama nyuso tatu, na ufunguo mmoja kiganjani.

Nanyi msiniambie wapokezane; raundi ni moja na usukani ni mmoja. Aliyeiona hatari, aliyejinyima yake, au aliyekataa kuridhika akaweka na roho yake juu? Wewe hapo mbele unayetikisa kichwa, na wewe nyuma unayejifanya hukusikia: ufunguo ungekuwa kiganjani mwako, ungemkabidhi nani?